Shaba Chini ya Zege

Mlinzi alikuwa gerezani mwaka wa tisa kwa kumuua mtu ambaye hakumuua, na kitu pekee kilichoweza kumtoa kilikuwa chini ya sakafu ya zege ambayo tingatinga lingeisomba kesho yake asubuhi.

Sajini alikuwa hajalijua hilo. Alichokuwa nacho mezani ni kitako cha shaba cha risasi ya bunduki ya marisau, kimeota ukijani pembeni, bila mwili wake wa juu. Mbele ya meza alisimama mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye mji mzima ulimwita Sumaku, mama yake akiwemo. Alikuwa na ndoo mkononi na alikuwa anajuta kuwa raia mwema.

Mwenye shamba alikuwa amempa ruhusa ya kuokota vyuma kwenye kibanda cha zamani cha pampu kabla hakijasawazishwa. Sumaku akavunja kona ya sakafu kutafuta nondo, akapitisha mashine yake ya kutafutia vyuma, mashine ikalia, akachimba. Kitu cha risasi hakikai na biashara yake. Wenye tanuri wakikikuta kwenye mzigo hawanunui hata msumari. Ndiyo maana alikileta.

"Ulikitoa wapi hasa?" Sajini akauliza.

"Pale kibandani."

"Pale wapi? Kwenye kokoto, chini ya kokoto, kwenye udongo?"

Sumaku akachungulia ndani ya ndoo. "Afande, mimi nikisikia mlio nachimba. Nikikipata nakitemea mate, nakifuta kwenye suruali, nakitupia humu. Hayo mengine ndoo ndiyo inayojua."

"Basi ndoo ndiyo itakayopanda kizimbani."

Sajini alikijua kibanda kile kama kila askari wa kituo alivyokijua. Kabla hakijajengwa, nyapara wa shamba aliuawa pale pale usiku, kwa marisau. Kando ya maiti likapatikana ganda moja la plastiki, la aina aliyokuwa akipewa mlinzi. Mlinzi na nyapara walikuwa wametupiana maneno wiki ile mbele ya wafanyakazi. Mlinzi akafungwa maisha, na ofisa aliyeandika kwamba ameliokota lile ganda akapandishwa cheo. Sasa ndiye Mkuu wa kituo. Ndiye pia mume wa dada yake Sajini. Alimwingiza polisi, akamtafutia nyumba ya serikali, na watoto wake walimwita Sajini mjomba na kumpekua mifuko wakitafuta pipi.

Mtu anayejitakia mema angekirudisha kile kitako ndani ya ndoo. Sajini alikiweka mfukoni na kumwambia Sumaku asiende mbali.

Mtaalamu wa silaha alikuwa mwanamke mfupi mwenye tabia ya kula karanga juu ya vielelezo. Alikigeuza kitako chini ya lenzi na kusoma mhuri. Mwili wa risasi ile ulikuwa wa karatasi, akasema, ndiyo maana umeoza ukabaki shaba mtupu. Ungekuwa wa plastiki ungemzika mjukuu wake. Kiwanda chenye mhuri ule kilifungwa yeye akiwa bado anavaa sare ya shule. Hizi ni za enzi za baba yake mwenye shamba, mzee ambaye kila mtu alijua kwamba alipenda kupiga ndege. Jambo moja tu lilimvutia: alama ya pini kwenye fataki, ile inayowasha baruti, haikuwa katikati. Iliegemea upande. Bunduki iliyoipiga ilikuwa na pini iliyopinda.

"Nenda zako nyumbani, Sajini. Umeleta kitu cha makumbusho."

"Umeniambia ilitengenezwa lini. Mimi nataka kujua ilipigwa lini."

"Shaba haisemi hilo."

"Nini kinasema?"

"Mahali ilipolala." Akamenya karanga. "Na kwa maelezo yako, ililala kwenye ndoo."

Sajini alikaa kwenye pikipiki bila kuiwasha. Risasi ya karatasi ingeweza kukaa kwenye sanduku miaka mingi na bado ikaua. Tena yule mzee wa ndege hakuwa mpuuzi wa kwenda kupigia mahali pasipo mti wala maji. Pale kwenye kibanda palikuwa uwanja mtupu, watu waliokuwapo walisema hivyo mahakamani.

Alipitia kwa binti wa mlinzi. Alikuwa fundi cherehani, na kila mwaka alifika kituoni kuuliza kama kuna jipya, hadi askari wa mapokezi wakaanza kumpa suruali zao apunguze. Alimsikiliza Sajini bila kusimamisha mashine. Alichomweleza alikuwa amekieleza mara nyingi, kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma vipimo. Baba yake alipewa risasi kwa kurudisha maganda. Ukipiga moja, unapeleka ganda ofisini, mwenye shamba analitia kwenye kopo la maziwa, anakupa nyingine. Usiporudisha, unalinda kwa filimbi. Mlinzi aliyasema haya mahakamani na watu wakacheka.

"Baba aache ganda chini?" Hapo alisimamisha cherehani. "Ganda ndilo lilikuwa risasi yake ya kesho. Angeacha viatu kwanza."

"Na milio?"

"Miwili, imefuatana. Majirani wote walisema. Bunduki ya baba ina mtutu mmoja, na yeye ana kidole kibovu. Akipiga moja, ya pili unaisubiri mpaka unasinzia."

Sajini akamuuliza lile kopo la maziwa lilikuwa likikaa mikononi mwa nani. Wakatazamana. Fundi akavaa viatu na kufunga duka, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

Kibanda hakikuwa na paa wala mlango. Tingatinga lilikuwa limeegeshwa kando ya ghala, dereva amelala ndani, miguu nje. Karibu na kizingiti kulikuwa na tarehe iliyochorwa kwa msumari zege likiwa bichi. Mafundi hawawezi kumwaga sakafu bila kuacha alama. Fundi cherehani akainama, akaisoma, akaipapasa kwa kidole. Ilikuwa siku ya tatu baada ya nyapara kuuawa. Baba yake alikuwa ameshawekwa ndani, na mtu mmoja alikuwa na haraka ya kujenga.

Sumaku, waliyempitia njiani na ndoo yake, akapitisha mashine kwenye ukingo wa shimo lake. Ikalia. Akashika jembe, na Sajini akalikanyaga lile jembe.

"Kuanzia sasa wewe ni masikio tu. Mikono iweke mfukoni."

"Mfukoni kuna matobo, afande."

"Basi shika matobo."

Sajini akavua shati, akalala kifudifudi shimoni na mwiko wa kujengea, akaanza kuukwangua ukuta wa shimo kutoka pembeni, taratibu, kama mtu anayeparua masizi kwenye sufuria ya mwenzake. Juu kulikuwa na zege. Chini yake kokoto. Chini ya kokoto udongo mlaini uliochanganyika, udongo wa mtaro uliochimbwa ukafukiwa. Na ndani ya udongo huo, shaba ikaonekana kama kifungo kilichoshonwa ukutani. Kitako cha pili.

Hakukigusa. Aliendelea chini yake hadi mwiko ukagonga plastiki. Bomba la maji. Akalifuta kwa kiganja, maandishi ya kiwanda yakatokea ubavuni: jina, kipenyo, mwaka. Ulikuwa mwaka ule ule aliouawa nyapara.

Nyuma yake Sumaku alikuwa ameacha utani. "Kwa hiyo huyu aliingia baada ya bomba, kabla ya zege."

"Ngoja kwanza."

Maana kulikuwa na tundu katika hoja hiyo, na wakili yeyote angelipitishia mkono. Udongo wa mtaro hutolewa na kurudishwa. Kitako cha zamani kingeweza kutoka nao na kurudi nao. Sajini alisogeza pua karibu. Kutoka kwenye shaba, ukienda ndani ya udongo, ulinyooka mchirizi mwekundu, mviringo, urefu wa kidole cha kati, mkamilifu kama bomba dogo. Ndani yake udongo ulikuwa wa rangi nyingine. Ilimchukua muda kuelewa anatazama nini. Ile ilikuwa karatasi. Karatasi ya risasi ilikuwa imeozea pale pale, ikaacha rangi yake ikiwa imesimama.

Risasi iliyooza miaka mingi kabla isingebaki na umbo baada ya kupigwa jembe na kurushwa. Hii iliingia kwenye udongo ikiwa nzima.

Alimwomba fundi futi yake. Akaitundika ukutani mwa shimo kutoka kwenye zege hadi kwenye bomba, akapiga picha, akapiga tena. Alikuwa bado yuko kifua wazi, tumbo limejaa udongo, gari la mwenye shamba lilipoingia.

Mwenye shamba alikuwa mtu wa sauti ya chini, msafi. Alimsalimia kila mtu, hata dereva wa tingatinga aliyekuwa anakurupuka usingizini. Aliwapa pole kwa jua. Sajini akatoka shimoni na kusimama kati yake na shimo, akamwonyesha kile kitako cha kwanza tu, cha kwenye ndoo.

Mwenye shamba akatabasamu. Mambo ya marehemu baba hayo, akasema. Alikuwa akipiga ndege kila mahali. Hapana, hakuna mwingine aliyewahi kuigusa bunduki ile. Ilikuwa ya mitutu miwili, nzuri sana. Waliirudisha serikalini mwezi ule ule waliomzika.

"Alizikwa lini?"

Miaka minne kabla ya mkasa wa nyapara. Kila mtu analijua kaburi.

"Na haya maji? Naona bomba. Mzee alikuwa mbele ya wakati wake."

Hapo ndipo alipojikwaa, kwa sababu alikuwa mtu wa kujisifu kidogo na hakupenda kumgawia baba yake kisichokuwa chake. "Baba? Baba amekufa anachota kisimani kwa ndoo. Mimi ndiye niliyeleta maji hapa. Huu mtaro nimeusimamia mwenyewe, siku chache kabla ya ule msiba."

"Asante," Sajini akasema, na kusogea pembeni ili aone shimo.

Mwenye shamba alitazama shaba, akatazama bomba chini yake. Alisema udongo ulichimbwa ukarudishwa. Sajini akamwonyesha mchirizi mwekundu na kumweleza, kwa maneno machache, karatasi inavyooza. Mwenye shamba aliangalia mahali palipokuwa na tarehe ya msumari, kisha akatoa simu na kutembea nayo hadi nyuma ya gari.

Sajini hakumsubiri amalize. Aliwahi kuona maiti za watu, lakini hakuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama aliyoifanya nusu saa ile. Alikata bonge zima la udongo, shaba na mchirizi wake ndani, bila kulitikisa. Sumaku akamwaga vyuma vyake vyote chini na kuikung'uta ndoo. Fundi akavua mtandio, wakalifunga bonge, wakalishusha ndani ya ndoo kama mtoto anayelazwa.

Mkuu alifika na dereva wake. Alishuka taratibu, akamwita Sajini kando, lakini Sajini alibaki alipokuwa.

"Shemeji," Mkuu akaanza, kwa sauti ya nyumbani. Alisema kesi imeshaisha, rufaa imeshakataliwa, na watu wazima hawafukui. Alisema dada yake amepika, waende wakale, wayazungumze huko.

"Nikishamaliza, afande."

Sauti ya nyumbani ikafungwa. "Sajini. Mwaga hiyo ndoo."

Sajini alisubiri hadi dereva wa tingatinga na dereva wa Mkuu wote wawe wanatazama. "Niandikie, afande."

"Nini?"

"Amri. Sajini fulani, mwaga kielelezo. Weka tarehe, weka saini. Kalamu ninayo. Ukishaandika nitamwaga mbele yako."

Mkuu hakuichukua kalamu. Aliuliza kama Sajini anajua nyumba anayolala ni ya nani. Ya serikali, Sajini akajibu. Aliuliza kama anajua aliyempa kazi. Anajua, na anashukuru, na kila sikukuu huwa anashukuru tena. Fundi cherehani alikuwa ameipakata ndoo kifuani kwa mikono miwili. Mkuu alimgeukia na kunyoosha mkono, na yule mwanamke akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba akiitaka itabidi amvunje yeye mikono kwanza, na mikono hii ndiyo inayomshonea suruali.

Sumaku akacheka. Hakuna aliyemfuata.

"Afande," Sajini akasema, "lile ganda la plastiki uliliokota wapi?"

"Limeandikwa. Hatua moja kutoka kwa maiti."

"Sijauliza limeandikwaje."

Mkuu alimtazama mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa anatazama viatu vyake. Ulikuwa usiku, Mkuu akasema hatimaye. Kulikuwa na mvua, watu wengi, tochi mbovu. Mwenye shamba ndiye aliyeliona. Alimkabidhi mkononi. Yeye akaandika ameliokota, kwa sababu ndivyo inavyoandikwa, kila ofisa angefanya hivyo.

"Lilitoka kwenye kopo lake la maziwa," Sajini akasema. "Amepiga mbili, amefungua bunduki, maganda yameangukia kwenye mtaro uliokuwa haujamalizwa kufukiwa, gizani hayaoni. Akakuletea la mlinzi. Halafu akamwaga zege juu ya yake. Na wewe ukaandika."

"Angalia mdomo wako."

"Huyu Sumaku anatupia kwenye ndoo vitu asivyojua vilikotoka. Tofauti yako na yeye ni kwamba yeye hajapandishwa cheo."

Mkuu alikuwa mtu mkubwa, na kwa muda ilionekana atampiga. Kisha akasema, polepole, kwamba kuanzia dakika hiyo Sajini hana kazi kituoni kwake, na mlangoni kwake asikanyage. Sajini akasema amesikia. Akavaa shati juu ya udongo, akampakia fundi na ndoo nyuma ya pikipiki, na kuendesha kama mtu aliyebeba mayai hadi kwa mtaalamu wa silaha. Sumaku alibaki shambani na vyuma vyake chini, akaketi juu ya zege mbele ya tingatinga, akakataa kuondoka hadi watu wa ofisi ya mwendesha mashtaka walipokuja.

Mtaalamu alisogeza karanga pembeni, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Kwenye kitako cha pili alama ya pini ilikuwa katikati kabisa. Cha kwanza upande, cha pili katikati. Pini mbili, mitutu miwili, bunduki moja ambayo serikali haikuwahi kurudishiwa. Wiki iliyofuata Sumaku aliteremsha sumaku ya kilo nyingi kwa kamba kwenye kisima cha marehemu baba yake mwenye shamba na kuipandisha bunduki yenyewe, imejaa kutu, pini ya kushoto imepinda.

Nyapara alikuwa amemkuta mwenye shamba akiiba maji ya jirani kwa bomba lile, akasema atamsemea. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Haikuwa kubwa zaidi ya hapo.

Mlinzi alitoka mchana. Mke wake alifariki yeye akiwa ndani, na alioneshwa kaburi. Meno ya mbele hayapo. Kwa muda mrefu hakuweza kulala bila mtu kumfungia mlango kwa nje, na binti yake ndiye aliyemfungia. Fundi huyo alipoteza duka, kwa sababu lilikuwa la ndugu wa mwenye shamba. Mkuu alistaafishwa mapema na pensheni yake nzima. Sumaku alinyang'anywa leseni, kisha akarudishiwa, lakini wateja walikuwa wameshahama. Sajini alivuliwa cheo kwa kukaidi amri ambayo haikuandikwa. Alirudisha funguo za nyumba. Dada yake hakumfungulia tena geti, na siku aliyowakuta wale watoto barabarani na pipi mfukoni, mkubwa aliwashika wadogo mikono, wakavuka upande wa pili.